Programu Ikifa, Maiti ni ya Nani?

Tarehe 3 Novemba 1971, katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa kitabu cha kwanza cha maelekezo ya mfumo wao mpya, Unix. Ndani yake mna ukurasa mfupi unaoeleza faili liitwalo core. Programu ikifanya kosa ambalo mashine haiwezi kulivumilia, kama vile kutoa amri isiyokuwepo, mfumo unaisimamisha na kuandika kwenye diski yote yaliyokuwa katika kumbukumbu yake wakati huo: hesabu zilizokuwa zikiendelea, maandishi iliyoyashika, mahali ilipofikia. Mtumiaji naye anaweza kuiua kwa makusudi kwa kubonyeza kitufe, akaachiwa faili lilelile. Faili huandikwa katika folda anayofanyia kazi muda huo, mradi ana ruhusa ya kuandika humo.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa historia ninayotaka kuisimulia. Ilisema, bila kutangaza, kwamba maiti ya programu ni mali ya aliyeiendesha. Hahitaji kumwomba msimamizi wala kujaza fomu. Analikuta faili miguuni pake. Miaka zaidi ya 50 baadaye, katika kompyuta nyingi za Linux, maiti hiyo huchukuliwa na mhudumu wa mfumo, huwekwa kwenye chumba ambacho mtumiaji hakukichagua, na mwenyewe huipata kwa taratibu. Badiliko hilo halikutokea kwa amri moja wala kwa siku moja. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na sababu nyingi zilikuwa nzuri.

Kabla ya Unix, mabaki ya programu iliyoanguka yalikuwa karatasi. Katika vituo vya kompyuta vya miaka ya 1950 na 1960 mtu alikabidhi kadi zake dirishani akaenda zake, na kazi ikivunjika alirudishiwa bunda zito lililojaa namba za msingi wa nane, safu juu ya safu. Namba hizo zilionyesha hali ya pete ndogo za feraiti zilizotungwa kwenye nyaya ndani ya mashine. Kumbukumbu ya aina hiyo ilianza kutumika mwaka 1953 katika kompyuta ya Whirlwind ya MIT, chini ya Jay Forrester, na jina la faili la Unix limetokana nayo. Pete zenyewe zilikwisha kuachwa zamani, jina limebaki.

Mashine ya Thompson na Ritchie ilikuwa PDP-11 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 24. Mfumo ulijichukulia 16, zikabaki 8 kwa programu za watumiaji, na diski ilikuwa ya kilobaiti 512. Kwa vipimo hivyo faili la core halikuweza kuwa kubwa, na kikomo hakikuhitajika. Mashine hiyo haikuwa hata na kinga ya kumbukumbu, kwa hiyo programu mpya ya mtu mmoja iliweza kuangusha kazi za chumba kizima. Waliokuwepo wanasimulia kwamba aliyetaka kujaribu programu mpya alipaza sauti kwanza ili wenzake wahifadhi walichokuwa wakikiandika.

Tabia hiyo ya kuacha vitu vianguke ilikuwa uamuzi. Unix ilizaliwa baada ya Bell kujitoa katika mradi wa Multics, mfumo mkubwa uliojitahidi kujinusuru kila kosa linapotokea. Tom Van Vleck, aliyefanya kazi kwenye Multics, amesimulia kwamba alimweleza Ritchie jinsi nusu ya msimbo wake ilivyokuwa ya kurekebisha makosa. Ritchie akamjibu kuwa wao yote hayo wameyaacha: mambo yakiharibika, mashine inasimama, na mtu anapiga kelele ukumbini kwamba iwashwe upya. Kwa watu wenye mtazamo huo, faili la core lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Programu imekufa, haya, huyu hapa, mpasue uone. Unix ya mwanzo ilikuwa tayari na chombo cha upasuaji kilichoitwa db, na baadaye zikaja adb, dbx ya Berkeley, na gdb ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986.

Tatizo la kwanza lilitoka kwenye uvumbuzi wa Ritchie mwenyewe. Unix ina programu ambazo mtu wa kawaida anaziendesha lakini zinafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye programu, mara nyingi root, mtawala wa mfumo. Bila hizo mtumiaji asingeweza kubadili nywila yake, kwa kuwa faili la nywila si lake. Sasa, programu ya namna hiyo ikifa, nani anaandika faili la core? Ikiwa mamlaka ni ya root, mkono unaoandika ni wa root. Mtumiaji mjanja angeweza kutengeneza katika folda yake kiungo kiitwacho core kinachoelekea kwenye faili nyeti la mfumo, akaendesha programu ya root, akaiua kwa kitufe. Root angeandika mabaki juu ya faili lile bila kujua.

Jibu lilikuwa sharti moja ndani ya kerneli, kiini cha mfumo. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, kipande kinachoandika core kinauliza kwanza kama mtumiaji halisi na mwenye mamlaka ya muda ni mtu mmoja. Wasipokuwa mmoja, mabaki hayaandikwi. Wanafunzi wengi waliusoma mstari huo katika msimbo ambao John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales aliuchapa na kuutolea maelezo kwa ajili ya madarasa yake. Ni mstari mfupi, na binafsi naona ndio ulioanzisha ukoo mzima wa sheria zilizofuata, kwa kuwa ulikiri kwamba ziko maiti ambazo mwenye kuziendesha hana haki nazo.

Kisha programu zikanenepa. Unix ilipohamia kwenye mashine za VAX, wahandisi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley waliiongezea kumbukumbu pepe, na mchakato mmoja, yaani programu moja inayoendeshwa, ukaweza kuchukua megabaiti kadhaa. Katika kompyuta inayotumiwa na wanafunzi wengi, kila mmoja akiangusha zoezi lake mara kwa mara na kuacha core katika kila folda, diski ilijaa upesi. Mifumo ya Berkeley ikawekewa kazi ya usiku ya kufagia mafaili ya core yaliyolala siku kadhaa bila kuguswa. Dawa yenye heshima zaidi ilikuwa kumpa mtumiaji mwenyewe kidhibiti. Katika sheli ya C, programu ya kupokea amri iliyoandikwa na Bill Joy wa Berkeley, mtu aliandika limit coredumpsize 0, na tangu hapo programu zake zilikufa bila kuacha mabaki. Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 liliweka ndani ya kerneli utaratibu wa vikomo unaotumika mpaka leo: kikomo laini, ambacho mtumiaji anakipandisha na kukishusha apendavyo, na kikomo kigumu, ambacho akikishusha hawezi tena kukipandisha. Katika sheli za leo amri yake ni ulimit -c, na ulimit -c unlimited ni sala ya kila mtengenezaji programu anayewinda kosa linalojificha.

Utaratibu huo ulipata mteja asiyetarajiwa jioni ya tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti programu iliyojinakili kutoka mashine hadi mashine, ikivamia kompyuta za Sun na VAX. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu wa Bell waliotengeneza usimbaji wa nywila za Unix, jambo ambalo magazeti hayakuliacha lipite. Wachambuzi walioifungua programu hiyo waliona kwamba mojawapo ya mambo yake ya kwanza kila ilipoingia mashine mpya lilikuwa kuweka kikomo cha core kuwa sifuri. Ikianguka kwa bahati mbaya, isiache mwili wa kuchunguzwa. Haikuhitaji mamlaka yoyote kufanya hivyo; ilitumia haki ileile aliyonayo mtumiaji wa kawaida.

Na si kila mtu aliyaona mabaki kuwa takataka. Katika miaka ya 1980, kuwasha TeX, programu ya kupanga kurasa iliyoandikwa na Donald Knuth, kulichukua muda kwa sababu ya maagizo mengi iliyopaswa kuyasoma kwanza. Kwa hiyo watu waliiwasha, wakaiacha isome, kisha wakaiua makusudi. Chombo kiitwacho undump kikachukua faili la core na kuligeuza kuwa programu inayoendeshwa, ikianzia pale ilipouawa, imeshiba tayari. Lugha ya Perl nayo iliwekewa amri ya kujiua kwa madhumuni hayohayo. Kihariri cha Emacs kilitumia ndugu wa mbinu hiyo kwa miongo kadhaa, hadi toleo la 27 la mwaka 2020 lilipokuja na njia nyingine. Mpaka leo sijaona matumizi ya kosa yenye ujasiri kuliko hayo.

Mtandao ndio ulioharibu urafiki huo wa watu na mabaki. Seva ya kupokea na kutuma mafaili kwa FTP huanza kazi ikiwa root, husoma faili la siri la nywila ili kumtambua mgeni, kisha huvua mamlaka na kuvaa utambulisho wa mgeni huyo. Lile sharti la mwaka 1975 linaweza kupotea hapa, kwa kuwa sasa mtumiaji halisi na mwenye mamlaka wanaweza kulingana. Lakini kumbukumbu haivuliwi kama utambulisho. Vipande vya faili la siri hubaki humo. Katika miaka ya 1990 iligunduliwa kuwa baadhi ya seva zilizotumia programu ya wu-ftpd ziliweza kuangushwa kwa kutuma amri ya PASV wakati usiofaa. Seva ilipokufa iliandika core katika folda ya mgeni, na mgeni akalisoma kama faili lake lolote. Nywila zilizosimbwa zilikuwa ndani.

Tangu hapo kerneli zikaanza kubeba alama kwenye kila mchakato inayosema kama uliwahi kubadili utambulisho wakati wowote. Ukishabadili, mabaki yake hayaandikwi, hata kama sasa unaonekana msafi. Mifumo ya jamii ya BSD ilijiwekea swichi za msimamizi kuhusu programu hizo, na mafaili yenyewe yakabadilishwa jina: badala ya core tupu, FreeBSD huandika jina la programu likifuatwa na .core, ili maiti ya programu moja isiizike ya nyingine.

Suluhisho ninaloliona la haki kuliko yote lilitoka kampuni ya Sun, katika mfumo wake wa Solaris, karibu na mwaka 2000. Amri yake, coreadm, iligawa mambo mawili ambayo wengine waliyachanganya. Msimamizi anaweza kuagiza kwamba kila programu inayokufa katika mashine iache nakala mahali anapopataka yeye, ikiwa mali ya root na kusomwa na root peke yake. Mtumiaji wa kawaida, kwa upande wake, anaweza kuagiza mabaki ya programu zake yaende anakotaka. Anaweka katika faili la kuanzia sheli yake mstari mmoja wenye coreadm -p, njia ya folda yake, na alama za kujaza jina la programu na namba ya mchakato. Programu zote anazozianzisha zinarithi agizo hilo. Ikiwa maagizo yote mawili yamewashwa, kifo kimoja kinatoa nakala mbili, kila moja kwa mwenyewe. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake.

Linux haikufuata njia hiyo. Ilichagua agizo moja kwa mashine nzima, lililoandikwa katika faili /proc/sys/kernel/core_pattern, ambalo root peke yake hulibadilisha. Humo mnakaa kiolezo cha jina: %e kwa jina la programu, %p kwa namba ya mchakato, %u kwa namba ya mtumiaji, %t kwa wakati. Mtumiaji alibakiwa na kikomo chake. Kerneli huanzisha kikomo laini kikiwa sifuri na kigumu kikiwa hakina mwisho, na ndiyo maana mtu anayekaa mbele ya Linux mpya anaona programu ikifa, anatafuta core, haoni kitu, ingawa ruhusa ya kukiwasha anayo mkononi muda wote.

Mwaka 2005 toleo la 2.6.13 lilijaribu kuwasaidia wasimamizi waliotaka kuchunguza hata vifo vya programu zenye mamlaka. Swichi iitwayo suid_dumpable ilipewa thamani tatu: 0 ya kukataa, 1 ya kuruhusu, na 2 ya kuandika faili ambalo mwenyewe ni root na root tu ndiye anayelisoma. Thamani ya 2 inaonekana ndiyo ya busara. Kosa lilikuwa kwamba mchakato wa mtu yeyote uliruhusiwa kujipa thamani hiyo wenyewe, kupitia wito wa prctl. Yaani mtumiaji wa kawaida aliweza kuiambia kerneli: nikifa, andika mabaki yangu kwa mkono wa root. Na mkono wa root hauzuiwi na ruhusa za folda.

Aliyeelewa jambo hilo aliandika programu ndogo. Ilibeba katika kumbukumbu yake mstari wa maandishi wenye umbo la agizo la cron, yule mtumishi wa mfumo anayetekeleza kazi kwa saa zilizopangwa. Ikaingia katika folda /etc/cron.d, ikajipa thamani ya 2, kisha ikajiua. Kerneli ikatii: faili la core likatokea ndani ya folda ambayo mtumiaji haruhusiwi kuweka hata herufi moja. Karibu lote lilikuwa vurugu la baiti zisizosomeka. Lakini cron husoma mstari kwa mstari, na usioeleweka huuruka. Katikati ya vurugu lile akakutana na mstari mmoja safi, akautekeleza akiwa root.

Tarehe 12 Julai 2006 mlango huo ulitumika dhidi ya Debian, mradi wa kujitolea unaotengeneza mojawapo ya Linux zinazotumika zaidi duniani. Mshambuliaji alikuwa amekwisha kupata akaunti ya mtengenezaji mmoja. Akaingia nayo kwenye seva iitwayo gluck na kupanda hadi root. Seva iliondolewa mtandaoni ikasakinishwa upya, na akaunti zilizoonekana kuwa na nywila dhaifu zikafungwa. Kinachochoma ni kwamba Debian 3.1, toleo ambalo mradi uliwapa watumiaji wake wakati ule, lilitumia kerneli ya 2.6.8, ya kabla ya kosa. Gluck ilikuwa ikiendesha 2.6.16.18. Marekebisho yalikuja na matoleo ya 2.6.16.24 na 2.6.17.4: mchakato hauruhusiwi tena kujipa thamani ya 2.

Mwaka huohuo maiti zilianza kuhamia kwa mhudumu. Oktoba 2006 Ubuntu 6.10 ilitoka na Apport, programu inayopokea habari za kila kifo na kumtayarishia mtumiaji ripoti ya kutuma kwa watengenezaji. Mwezi uliofuata kerneli ya 2.6.19 ilikubali alama ya bomba mwanzoni mwa core_pattern. Baada ya alama hiyo huwekwa njia ya programu, na kerneli badala ya kuandika faili humimina mabaki ndani ya programu hiyo, inayoendeshwa na root. Fedora, Linux nyingine, ikaja na mhudumu wake, ABRT. Kuanzia mwaka 2012 systemd, programu inayosimamia huduma katika Linux nyingi, ikajiingiza na mhudumu wake, systemd-coredump, anayebana mabaki na kuyaweka katika /var/lib/systemd/coredump, na amri ya coredumpctl ya kuyaorodhesha na kuyafungua kwa gdb.

Kwa mwenye kompyuta ya nyumbani hii ni nafuu kubwa. Hakuna core iliyosahaulika kwenye folda za watu, diski ina ulinzi, na kifo cha juzi usiku kinaweza kuchunguzwa leo bila mtu kuwa amejiandaa. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kusoma mabaki ya programu zake. Hata hivyo kuna sharti linalopitwa na wengi katika maelekezo: mabaki yakienda kwenye bomba, kerneli haizingatii tena kikomo cha core kwa namna ya zamani. Inampelekea mhudumu kikomo hicho kama habari tu, kwa alama ya %c, na mhudumu ndiye anayeamua kukiheshimu au la. Haki ambayo mtu alikuwa nayo tangu enzi za Berkeley imegeuka ombi. Katika kontena, mazingira yaliyotengwa yanayotumia kerneli ileile ya mashine, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu core_pattern ni moja kwa kerneli nzima: mtu anaweza kuwa root ndani ya kontena lake na bado mabaki ya programu zake yakaenda alikoagiza mwenye mashine.

Na mhudumu naye ana udhaifu wake. Tarehe 29 Mei 2025 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza makosa mawili yanayofanana, moja katika Apport na jingine katika systemd-coredump. Mhudumu akiamshwa anaambiwa namba ya mchakato uliokufa, kisha anakwenda kuuangalia ili ajue ulikuwa wa nani na ulikuwa na mamlaka gani. Kati ya kuambiwa na kuangalia kuna nafasi ndogo sana. Mshambuliaji anaangusha programu yenye mamlaka ya root, mfano unix_chkpwd inayokagua nywila, na kwa kasi anaweka mchakato mwingine wa kawaida wenye namba ileile. Mhudumu anaangalia, anaona mchakato usio na siri, na kumkabidhi mtumiaji mabaki ya ule wa kwanza. Nywila zilizosimbwa zimo ndani, kama zilivyokuwa kwa wu-ftpd.

Kerneli ya 6.16, iliyotoka Julai 2025, iliongeza njia ya kumpa mhudumu kishikio cha mchakato wenyewe badala ya namba inayoweza kurithiwa na mwingine, pamoja na njia ya kupeleka mabaki kwenye soketi bila kuanzisha programu ya root kila mchakato unapokufa. Kwa seva ambazo zisingeweza kusasishwa mara moja, Qualys walipendekeza msimamizi aandike 0 katika suid_dumpable, na programu zenye mamlaka zirudi kufa bila kuacha chochote.